Usimlipe huyo jamaa wa kupandisha alama, ngoja nikwambie yaliyonikuta

Mleta uzi simama hapo hapo. Usitume hiyo laki nne. Na kama ulishatuma nusu, hiyo nusu iache iende zake, usiifuate na nusu nyingine.

Kwa mnaoingia sasa hivi: mwenzetu ana pepa mbili (makala za utafiti zilizochapishwa), wiki tatu zijazo anapeleka andiko la kuomba ruzuku, wamemwambia aambatishe ushahidi kwamba utafiti wake unaonekana mtandaoni, na kuna jamaa kamwambia kwa laki nne atampandishia alama ya Altmetric, ile namba inayoonesha utafiti unatajwa kiasi gani mtandaoni, kutoka 3 mpaka zaidi ya 100 ndani ya siku kumi. Anauliza alipe au asilipe. Waliotangulia kujibu wengi wamemwambia "lipa tu mkuu, kila mtu anafanya". Hao waliosema hivyo sijui kama kuna hata mmoja amewahi kukaa mbele ya jopo alama yake ikafunguliwa kwenye projekta. Mimi nimekaa. Ndo maana naandika saa hizi usiku na kesho nina kipindi saa moja asubuhi.

Mimi ni mtu wa samaki. Utafiti wangu ulikuwa wa kukausha dagaa kwenye vichanja badala ya kuwamwaga mchangani, kwenye mialo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa Ilemela, Mwanza. Kwa asiyejua, dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, alfajiri mzigo unafika mwaloni, na kuanzia hapo kila kitu kinategemea jua. Likigoma, hasa masika, mzigo unaoza au unakauka vibaya umejaa mchanga, unaishia kuuzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na anayeumia ni mama aliyekopa asubuhi kununua ndoo zake. Kichanja ni kitu rahisi tu, miti na wavu umeinuliwa juu, hewa inapita juu na chini, dagaa anakauka upesi na hagusi ardhi. Tulipima, tukaandika, 2018 pepa ikatoka kwenye jarida la nje lenye DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala) na kila kitu, nikafurahi kama nimejifungua.

Mwaka uliofuata nikataka ruzuku ya awamu ya pili. Shilingi milioni 18, vichanja 40, vikundi viwili vya akina mama walikuwa wanasubiri na majina yao yalishaandikwa kwenye daftari. Ndo likaja tangazo kwamba muombaji aoneshe "mwonekano wa utafiti wake". Mwonekano ni nini, hakuna aliyesema. Mwenye ofisi hajui, aliyeandika tangazo hajui, ikaletwa semina ya siku moja.

Mtoa mada wa ile semina sitamtaja jina ila nataka mmuelewe ni mtu wa namna gani maana huyo anayekufuata wewe mleta uzi ni ndugu yake wa tumbo moja hata kama hawajuani. Kavaa vizuri, slaidi zinang'aa, anaongea kama kapakwa mafuta ulimini. Anasema zama za kusubiri kunukuliwa zimekwisha, kunukuliwa kunachukua miaka, sasa hivi kuna vipimo mbadala, kila twiti, kila habari ya gazeti, kila blogu inahesabiwa siku hiyo hiyo. Mpaka hapo hajadanganya, hivyo vipimo vipo kweli, jina lenyewe la altmetrics lilitangazwa 2010 na akina Jason Priem kwenye ilani yao, na mwaka uliofuata Euan Adie akaanzisha hiyo kampuni ya Altmetric kule London. Nia yao ilikuwa njema kabisa, walitaka kuona utafiti unazungumzwa wapi nje ya majarida. Sasa huyu mtu wetu akachukua kitu chema akakigeuza. Akasema, nakumbuka neno kwa neno, "mfadhili hasomi pepa yako, mfadhili anasoma namba, mpe namba." Chai ya saa nne ilipofika akawa anapita meza kwa meza na kifurushi chake. Kifurushi kidogo laki mbili, kikubwa laki tatu na nusu.

Nililipa kikubwa. Na asije mtu hapa kuniuliza mtu mwenye shahada tatu anapigwaje, watu wenye magari na wanasheria wao wanauziwa viwanja vya watu kila siku Kigamboni na hakuna anayewauliza shahada.

Ikaanza kazi. Asubuhi nikiamka kitu cha kwanza nafungua ukurasa wa jarida naangalia lile duara la rangi la Altmetric pembeni, lenye alama katikati. Ilikuwa 4. Siku ya tatu 22. Siku ya sita 48. Siku ya tisa 71. Nikaipiga skrinshoti, nikaibandika ukurasa wa pili wa andiko langu, fonti kubwa, na chini yake nikaandika sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka najisikia vibaya: kwamba utafiti huu umepata mjadala mpana wa kimataifa.

SIKUFUNGUA. Hii ndo sehemu nataka uielewe. Siku zote tisa nilikuwa naangalia namba, sikuwahi hata mara moja kubonyeza lile duara nione ndani kuna nini. Linabonyezeka! Ukibonyeza linakufungulia ukurasa mzima, waliokutaja wamepangwa, habari kivyake, blogu kivyake, twiti kivyake, unaona jina la akaunti na alichoandika na tarehe. Bure. Mtu yeyote anaweza kufungua, hata wewe sasa hivi kwa simu yako hiyo. Hata mjumbe wa jopo.

Siku ya jopo tulikuwa waombaji sita, mimi wa nne. Wajumbe watano mezani. Nikawasilisha vizuri tu, maswali ya bajeti nikajibu, mwisho mama mmoja mtu mzima, ana miwani kaishusha puani, akasema, "Mwanangu, hii 71 hebu tuifungue pamoja." Akaandika mwenyewe kwenye laptopu iliyounganishwa na projekta. Mtandao unavuta taratibu, ukuta mweupe, watu kimya, nasikia feni tu.

Duara likatokea kubwa ukutani. Bluu. Bluu tupu, duara zima. Akauliza wenzake kama wanaelewa zile rangi, halafu akawaeleza kwa upole kabisa kama anafundisha: nyekundu ni vyombo vya habari, njano ni blogu, zambarau ni nyaraka za sera, bluu hii ni twiti. Utafiti unaozungumzwa na watu wa aina nyingi duara lake linakuwa na rangi za khanga. Hili la kwako, mwanangu, lina rangi moja.

Akabonyeza twiti. Ya kwanza sentensi fupi ya Kiingereza inasifia, ina neno moja limekosewa tahajia. Ya pili sentensi ile ile, neno lile lile limekosewa pale pale. Ya tatu. Ya nne. Anashusha taratibu, anasoma kwa sauti, kila moja. Alipofika kama ya kumi na mbili mjumbe wa pembeni akasema inatosha, yeye akasema hapana, subiri. Akabonyeza akaunti moja. Posti iliyotangulia ilikuwa ya dawa ya kukuza nywele, iliyofuata ya kubeti. Haina picha ya mtu, inafuatwa na watu 2. Akarudi, akaonesha ile sehemu inayogawa waliotwiti ni akina nani, karibu wote wamewekwa kundi la watu wa kawaida, upande wa wanasayansi kuna 1.

Huyo mmoja ni mimi, siku pepa ilipotoka.

Halafu akafunga laptopu, akaniuliza swali ambalo ndo hasa limenifanya niandike uzi huu wote. Akasema, "Haya, hii tuiache. Niambie, kuna mtu yeyote pale mwaloni leo anakausha tofauti kwa sababu ya hii kazi yako?"

Nikasema nadhani wapo. NADHANI. Nimekaa miaka miwili naandika, siku tisa naangalia namba, na swali la maana nikaulizwa sina hata picha moja, sina barua, sina jina la mtu.

Barua ya kukataliwa ilikuwa mistari mitatu. Milioni 18 zikaenda kwa mwingine. Ila hela siyo iliyouma zaidi. Mwalimu wangu aliyenisimamia jina lake lilikuwa kwenye ile pepa, mtu mwenye heshima zake, kajenga jina miaka thelathini bila kashfa, na mmoja wa wajumbe alikuwa anafahamiana naye. Akanipigia simu jioni. Hakugomba. Aliuliza tu, "Ulijua ni feki?" Nikasema sikujua zinatoka wapi. Akasema, "Hukutaka kujua," akakata. Tumekaa karibu miaka miwili tunasalimiana kwenye korido kama wapangaji. Na wale akina mama mimi ndo nilikwenda kuwaambia kwamba vichanja havipo tena, na mmoja wao akaniuliza kama kosa lao ni lipi. Sasa nyie mnaosema "lipa tu kila mtu anafanya", njooni mnisaidie kumjibu huyo mama.

Nikampigia yule mtoa mada. Mara ya kwanza akapokea akasema majopo ya siku hizi yana wivu. Mara ya pili namba haipatikani. Mpaka leo haipatikani, ila nasikia semina anaendelea kutoa.

Na kitu kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata hiyo kazi yenyewe aliyoiuza ilikuwa mbovu kwa namna mfumo unavyohesabu. Mtu mmoja akitwiti pepa yako mara hamsini anahesabiwa mmoja, ndo maana ikabidi atumie akaunti nyingi feki, na akaunti nyingi zinazosema sentensi moja zinaonekana hata na mtoto. Halafu uzito haulingani. Habari moja kwenye chombo cha habari kwa kawaida ina uzito wa 8, blogu 5, kutajwa Wikipedia ni 3 hata utajwe kurasa kumi, posti ya Facebook ni robo, na hiyo Facebook wanahesabu kurasa za wazi tu, siyo profaili yako wewe wala lile grupu lenu la ofisini. Kwa hiyo redio moja yenye tovuti wanayoifuata Altmetric ikiandika habari ya dagaa wako na kuweka linki ya pepa vizuri, habari hiyo moja inabeba kama akaunti feki nane. Hakuniambia hilo kwa sababu hilo halimpi hela.

WhatsApp haihesabiwi kabisa. Andika hiyo pembeni maana kwetu sisi mazungumzo ya kweli yako huko. Instagram vilevile sahau. Na wale walioihifadhi pepa yako Mendeley, ile programu ya kutunzia makala, unawaona idadi yao pale chini lakini hawaingii kwenye alama. Ile ya washindani wao PlumX, ambayo tangu 2017 ni ya Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida, haina hata alama moja ya jumla, inakuonesha mafungu matano, kunukuliwa mbali, kutumika mbali, kuhifadhiwa mbali, kutajwa mbali, mitandao ya kijamii mbali, na mimi binafsi naipenda kwa hilo, inakulazimisha kusoma.

Halafu hata namba ikiwa ya kweli tupu, watu halisi tupu, bado haikuambii kitu mpaka uifungue. Mnakumbuka Mei 2020 ile pepa ya hydroxychloroquine (dawa ya malaria iliyokuwa inajaribiwa kwa corona) kwenye jarida la udaktari la The Lancet, iliyosema imechukua data za wagonjwa karibu elfu 96 kutoka hospitali mabara sita? Ilitoka tarehe 22 Mei, ikatikisa dunia, WHO wakasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yao, na tarehe 4 Juni ikafutwa kwa sababu data zilizotoka kampuni ya Surgisphere hazikuweza kuthibitishwa. Siku 13 tu. Sasa nenda kaangalie alama yake ya Altmetric, ni maelfu kwa maelfu. Ukiipeleka hiyo namba mahali bila kuifungua unaonekana umeandika pepa ya karne, ukiifungua unakuta watu wanauliza data ziko wapi. Ile pepa ya daktari Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji na ikafutwa 2010, mpaka leo inatajwa. Kelele ni kelele, mtu anayepigiwa makofi na mtu anayezomewa wote wana watu wengi mbele ya nyumba. Na Altmetric wenyewe wameandika wazi kwenye tovuti yao kwamba alama yao inapima kuangaliwa, haipimi ubora, siyo siri, ni sisi tu ndo hatusomi.

Sasa nikurudishe mwaloni maana sijamaliza.

Miezi saba baada ya jopo nilikwenda Mwanza kwa shughuli nyingine nikapitia mwalo mmoja tuliowahi kuchukua sampuli. Kuna banda la mbao la kupimia mzigo. Nimeingia kumsalimia mama wa mzani, nikainua macho, ukutani kuna karatasi. Ni ile karatasi yangu. Nilikuwa nimetengeneza muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili pepa ilipotoka, nikamtumia afisa uvuvi kwa WhatsApp, akasema asante, nikasahau. Kumbe aliichapisha, akaitia kwenye plastiki, akaipigilia misumari minne. Kona moja imeingia maji, magamba ya dagaa yameganda chini ya plastiki, wino umefifia. Pale nilipoandika kichanja kiwe na urefu wa mita 1 kutoka chini, mtu kakata kwa kalamu ya bluu, kaandika juu yake "kiunoni".

Nikauliza nani kakata. Mama wa mzani akacheka akasema hapa nani ana futi ya kupimia mita. Nikatoka nje nikahesabu. Vichanja 11. Hawakupewa na mradi wowote, wamechanga wenyewe, miti ya kununua na nyavu kuukuu za kuvulia. Nikauliza nani anawanunua dagaa hawa, wakasema wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanawataka hawa wasio na mchanga, na wanalipa juu kidogo.

Mleta uzi, unanielewa? Jibu la swali la yule mama wa jopo lilikuwa limepigiliwa ukutani na misumari minne wakati mimi niko kwenye kiti najibu "nadhani". Kilometa chache tu kutoka njia ninayopita kila safari. Ningekwenda siku moja, nauli ya elfu kumi na tano, picha mbili na barua ya afisa uvuvi yenye muhuri, ningepata milioni 18. Badala yake nikalipa laki tatu na nusu kununua uongo ulionikosesha. Nilikaa nyuma ya lile banda kwa muda machozi yananitoka, watu wakadhani ni moshi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema kila uzi wa hivi ukitokea humu: NAMBA HUJAIFUNGUA, USIIPELEKE. Ukitaka kuandika 3, fungua hiyo 3, soma waliomo ndani ni akina nani. Ukijikuta huwezi kumweleza mjumbe kila aliyekutaja ni nani na kasema nini, toa hiyo namba kwenye andiko, ni bora ukurasa mweupe.

Na hiyo 3 yako unayoidharau, nakuomba uifungue usiku huu. Mimi ile 4 yangu ya mwanzo niliifungua baada ya kila kitu kuharibika, nikakuta mmoja aliyeitwiti, ambaye mfumo ulimweka kundi la watu wa kawaida, ni mtafiti wa mambo ya samaki yuko Uganda, kwenye ziwa hilo hilo, kaandika kwamba wanafanya kitu kama hicho upande wao na angependa kulinganisha matokeo. Kaandika siku ya tano tu baada ya pepa kutoka! Nilimwandikia, tumeshatoa pepa moja pamoja. Mtu huyu alikuwa anagonga mlango mwaka mzima, mimi niko dirishani nahesabu watu wa kununua.

Una wiki tatu, zinatosha sana. Kwanza kila unapoitaja kazi yako weka linki yenye DOI, ile inayoanza na 10 kwenye doi.org, maana mfumo unafuata kitambulisho, ukituma skrinshoti ya ukurasa wa kwanza au PDF iko Google Drive umemwaga maji mchangani, hata ikisambaa nchi nzima hakuna anayejua ni pepa yako. Kama una ripoti au muhtasari wa Kiswahili ambao hauna DOI, weka Zenodo, ni bure, wako chini ya CERN (maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya), wanakupa DOI hapo hapo na unaona imefunguliwa mara ngapi na imepakuliwa mara ngapi. Weka kile kitufe cha Altmetric kwenye brauza yako, bure pia, ukiwa kwenye ukurasa wa pepa unabonyeza inakuletea waliotaja, sasa hivi wanafuata mpaka Bluesky, mtandao unaofanana na Twitter, maana watafiti wengi walihama Twitter (sasa X) tangu Elon Musk ainunue 2022.

Ila hizo zote utafanya kwa siku moja. Siku zilizobaki tumia kutafuta kile ambacho hakuna mashine inakifuata. Piga simu. Kila mtu uliyewahi kumtumia ile pepa au muhtasari wake, mpigie, muulize aliifanyia nini. Afisa ugani, mwalimu, muuguzi, mtangazaji wa redio ya wilaya, sijui utafiti wako ni wa nini hukusema, lakini kuna mtu huko. Akikwambia niliitumia kwenye mafunzo, omba barua, hata mistari minne, tarehe na muhuri. Akikwambia tuliijadili kwenye grupu, omba ruhusa upige skrinshoti, ficha namba za watu, andika tarehe na watu wangapi walikuwepo. Kama redio iliongea, omba ile sauti uihifadhi na uandike kipindi gani saa ngapi. Fungua jedwali dogo kwenye simu, safu ziwe nne tu, tarehe, nani, kasema nini, ushahidi uko wapi, na ujaze siku hiyo hiyo unayosikia maana ukisema nitajaza kesho utakuja kusema nadhani kama mimi.

Halafu kwenye andiko usiweke duara wala namba ya fonti kubwa. Andika sentensi za kawaida. Mimi andiko lililofuata, 2021, niliandika hivi: kwamba mwaloni pale kuna vichanja 11 vilivyojengwa na wachakataji wenyewe kwa kufuata muhtasari wetu, barua ya afisa uvuvi ni kiambatisho cha pili, picha ya muhtasari ukutani ni kiambatisho cha tatu, na mtandaoni kazi imetajwa na watu wanne, mmoja wao ni mtafiti wa Uganda ambaye sasa tunashirikiana naye. Wanne! Niliandika wanne bila aibu. Katika jopo lile mjumbe mmoja aliishika ile picha muda mrefu, akauliza "hapa kiunoni ni nani kaandika?" na nusu saa nzima iliyobaki tuliongea juu ya hilo neno. Ruzuku nilipata, siyo 18, ni 12, vichanja 26, na yule mama aliyeniuliza kosa lao ni lipi anasimamia vitano.

Na kwa hao mnaosema humu kwamba majopo ya kwetu hayajui kufungua, mnajidanganya na mtamponza mtoto wa watu. Tamko la San Francisco la kutathmini utafiti ni la 2012, Ilani ya Leiden ni ya 2015, yote yanasema utafiti usipimwe kwa namba peke yake, na wapo wajumbe waliosoma mambo hayo na wanaomba kabisa maelezo badala ya namba. Mmoja asiyejua akikupitisha, wa jopo linalofuata atafungua, na zile twiti hazifutiki kwa sababu wewe umetaka, akaunti siyo zako. Zangu baadhi zipo mpaka leo, chini ya jina la mwalimu wangu.

Huyo jamaa akikupigia tena kesho, usibishane naye. Mwambie akutumie kwanza majina matano ya watu halisi watakaoitaja pepa yako, wanafanya kazi wapi, na kwa nini dagaa, mahindi, malaria au chochote ulichoandika kinawahusu. Akikutumia hayo majina njoo uyaweke hapa, mimi mwenyewe nitamlipia hiyo laki nne.